Kikao cha Alhamisi Saa Saba

Sista alikuwa muuguzi pekee wa magonjwa ya akili wilaya nzima, na kwa kuwa mtandao ulishika dirishani kwangu tu, pale masjala ya hospitali, kila Alhamisi saa saba alinivurugia chakula cha mchana, raha pekee iliyombakia mgane kama mimi. Kikao hicho cha simu alikianzisha mwenyewe. Aliwasaka wenzake sita wa chuoni waliotawanywa wilaya za mbali, kila mmoja peke yake na kabati lake la dawa. Kila mtu alileta kisa cha mgonjwa mmoja, bila jina, wengine wakamsaidia kufikiri. "Kidole kimoja hakivunji chawa," aliniambia. Nikamjibu kwamba vidole saba vinanivunja mimi.

Mmoja wao alikuwa Pacha. Hawakuwa ndugu. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa miaka mitatu, huyu juu, yule chini. Sasa walitenganishwa na safari ya kutwa nzima ya basi, na walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Hamu ya Sista ilinichosha masikio: Pacha hucheka kabla kisa hakijaisha, Pacha hula amesimama kama anayewahi basi. "Likizo ijayo nitakwenda," alisema kila mwaka, na kila mwaka alikosa wa kumshikia zamu.

Alhamisi moja Pacha alileta kisa chake. "Mwanamke, miaka arobaini na mbili. Kazini hakuna anayemshtukia. Analala masaa mawili tu. Amegawa nguo zake. Anakula vijiko viwili, amesimama, chakula kingine anamwaga."

Wakamshauri vizuri mno. Huyu akataja dawa, yule akasema asiachwe peke yake. Sista aliandika yote, kisha akauliza, "Ana mtu wa karibu?"

"Anaye mmoja. Ila yuko mbali, na kazi zimemzidi."

Wakaagana. Wataalamu sita wa akili za watu, na hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa natafuna, sijifanyi mjuzi.

Sista alifika mlangoni, akarudi akisoma daftari lake: "Anakula amesimama." Akakalia mafaili yangu, ambayo simruhusu mtu kuyakalia. "Karani, ni yeye. Katuletea nafsi yake, sisi tukamwandikia dawa."

Akapiga tena. "Pacha, ni wewe."

"Nilijua utanijua," sauti ikasema.

"Nimechelewa, mwenzangu. Mwite jirani akae na wewe mpaka nifike."

Hakungoja ruhusa. Barua ya kuiomba niliiandika mimi, yeye akiwa tayari njiani, na tarehe nikairudisha nyuma. Anayetaka kuniadhibu anajua masjala ilipo.

Alhamisi iliyofuata, saa saba, waliniunganisha na mimi, ati nisiwe mpweke. Kanuni ilikuwa imebadilika: kabla ya mgonjwa yeyote, kila mmoja aulizwe amelalaje. Pacha alisema amepata masaa manne, na Sista, aliyelala chumba hicho hicho, akathibitisha. Nilisikia wakicheka pamoja, nikamwonea wivu kila mwenye mtu wa kumfuata mbali hivyo.

"Na wewe, Karani?" Pacha akauliza. "Umelalaje?"

Tangu mke wangu afariki, miaka mitatu sasa, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifungua mdomo niseme salama, kama tusemavyo wote.

"Sijalala," nikasema.