Daktari wa Kizingitini

Katika wodi ya wazazi ya mji mmoja wa Kalabria, kusini mwa Italia, kila mtu anazijua desturi za daktari. Hunawa hadi viwikoni, hubusu msalaba wa shingoni, kisha huongea kwa sauti ya chini kama padre anayeungamisha. Sheria imemruhusu kukataa kutoa mimba kwa ajili ya dhamiri yake, naye amekataa, sawa. Lakini asubuhi ile Ornella, aliyekwisha kumeza dawa za kuitoa alizopewa na daktari mwingine, alivuja damu mpaka godoro likalowa, na bwana huyu akasimama kizingitini akimenya chenza.

"Dokta, binti yangu anakufa!" alilia mzee Rocco.

"Mimba ikishatoka yote nitaingia, mzee wangu. Kabla ya hapo dhamiri hainiruhusu."

"Sheria haijakuruhusu kutazama mtu akivuja damu!" mkunga Donata alifoka. "Ingia, mnafiki we!"

Daktari akatia kipande kingine cha chenza mdomoni. Rocco alimkumbuka mkunga wa zamani wa mtaa wao, bibi asiyekosa misa hata siku moja, ambaye angempiga kikumbo mtu huyu apite.

Donata alipoinua beseni kuonyesha kwamba yote yametoka, daktari alinawa, akabusu msalaba, akaingia. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Damu ikakatika kabla Rocco hajamaliza Salamu Maria moja.

"Mshukuruni Bikira," daktari alisema kwa upole.

Ornella, mweupe kama shuka, alifumbua macho. "Bikira alikuwa humu ndani tangu asubuhi," alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"