Mpishi Aliyegombana na Moto, na Shangazi Aliyemrudisha Jikoni

Saa tatu asubuhi, mtaalamu wa tiba ya mazungumzo anageuza kiti chake upande, asimtazame mgeni uso kwa uso. Wote wawili wanaangalia dirishani. Mgeni ni mpishi wa kantini ya hospitali, mwanaume wa kifua kipana.

“Ijumaa nisipowasha jiko, kazi sina,” anasema. “Na mabinti zangu wanasoma.”

“Nakusikia, kaka yangu. Endelea.”

Mwaka jana mtungi wa gesi ulimlipukia. Mikono ilipona, ila akisikia tu gesi ikitoka, mwili wote unakufa ganzi. Mkuu wa jiko alimvumilia, akampa viazi amenye, mpaka uvumilivu ukamwishia, akampa mwisho Ijumaa hii. Mpishi asiyeweza kuwasha jiko, jamani, atapika nini?

Mtaalamu huyu, mama ambaye mtaa mzima unamwita Shangazi, alikuwa fundi cherehani kwa miaka mingi. Wateja wakimpa mgongo awapime mabega, walikuwa wakimwaga yao yote ya moyoni.

“Ukimkazia mtu macho, anafunga mdomo,” anasema akicheka. “Mwache aangalie kwingine, atakwambia hata usiyomuuliza!”

Mumewe alipofariki, hakushika sindano kwa miezi. Mshauri mmoja ndiye aliyemwinua, naye akaapa kuisomea kazi hiyo. Akaingia darasani na vijana wa rika la wanawe, huku akishona ili alipe ada.

Huko alifundishwa njia nyingi, na hakuna hata moja aliyoiona inatosha peke yake. Yupo wa kufunguliwa yaliyopita, yupo wa kunyooshewa mawazo ya leo, na yupo ambaye mwili ndio wa kutulizwa kwanza. “Siwezi kuwashonea wote saizi moja,” anasema.

Kwa mpishi, lakini, alichemsha. Wiki kadhaa nyuma, siku yao ya pili tu ya kukutana, alimwekea kiberiti mezani, eti auzoee moto. Mpishi akainuka, akatokomea.

“Alinikimbiza mwenyewe!” anatania mpishi, ambaye ndiye aliyeomba kisa chake kiandikwe.

Shangazi akampigia simu, akamwomba radhi, wakaanza upya. Kwanza mazoezi ya kutuliza pumzi. Baadaye ndipo akatajwa baba yake, aliyekuwa akimwita mwoga mbele ya wenzake. Kumbe moto aliuogopa, ndiyo, lakini kilichomtesa zaidi ni aibu ya kuogopa.

Ijumaa inafika. Mkuu wa jiko amekunja mikono, na wapishi wenzake wamejipanga ukutani. Mpishi anafungua gesi, anasikia ule mlio, anaifunga haraka. Jasho linamtiririka. Shangazi yuko kando yake na hamsukumi.

“Naogopa,” mpishi anasema kwa sauti, kila mtu anasikia. Hakuna anayecheka.

Anavuta pumzi, anafungua tena, anawasha kiberiti. Moto huo! Vigelegele vinarindima jikoni, na mkuu wa jiko, mtu mgumu yule, anajifuta macho kwa aproni.

Shangazi sasa ana mpango wa kuwafundisha mafundi cherehani, wasusi na vinyozi namna ya kusikiliza, na kutambua ni lini wamlete mtu kwake. “Hao ndio wanaoambiwa kwanza,” anasema. Darasa litaanza mwezi ujao, katika chumba chake cha ushauri.

Pale jikoni, Shangazi anachukua mkoba aondoke, lakini mpishi anamzibia njia, sahani ya mayai ya moto mkononi.

“Unakwenda wapi, Shangazi? Kaa ule. Nimekaanga mwenyewe.”