Wa Pili ni Muoga

Kwetu Banande, mutoto anapewa jina kufuatana na namba ya kuzaliwa kwake: wa kwanza lake, wa pili lake, nyumba zote vilevile. Ukiita jina la wa pili katika soko ya Butembo, nusu ya soko inageuka. Mimi nilipopata ule mchezo wa bafalme ba zamani ku ordinateri, kompyuta yangu, nikabatiza batoto ba mufalme wangu kwa mupango uleule.

Ule mchezo ulinifundisha kuliko masomo yote ya jioni yaliyonipa diplome. Kila mutu iko na uwezo wake kwa namba: vita, maneno, mali, fitina. Kisha iko na tabia, na tabia ndiyo inapandisha ao kuangusha namba. Mukarimu, batu banamupenda lakini hazina inakauka. Mukali, banamutii halafu banamutilia sumu. Muoga, vita inaanguka, fitina inapanda. Mufalme wangu alikuwa muoga. Mutoto wake wa pili akatoka muoga mara kumi.

Jumamosi moja, nikicheza katika kioski ya kuchaji telefone huku Mulekera, ule wa pili akakimbia vita, akaniachia muji ukiungua. Nikamutaja kwa jina, sauti ikafika Uganda: ni muoga, hafai kupewa binti ya mutu. Kioski yote ikacheka, isipokuwa mzee mumoja. Rafiki yangu wa roho, naye wa pili kwao, jina lilelile, alikuwa amekwisha kupeleka mbuzi za mahari kwa mzee yule.

"Uende umuelezee," rafiki akaniambia kesho yake. "Bila ule binti, mimi nimekwisha."

Nikavaa koti. Katika salon ya nyumba ya mzee nilieleza mufalme, namba na tabia, ungesema masaa mia. Mzee akaelewa kwamba sikumusema mukwe wake, hata akacheka. Mama ya binti akatumiminia chai. Kisha mzee akauliza:

"Donc huo uoga, mutu anautoa wapi?"

Nilikuwa nimepata mwanafunzi. "Ku damu, papa. Baba akiwa muoga, batoto banatoka vilevile."

Mama akaweka thermos chini. Mulekera muzima ilijua baba ya rafiki yangu: siku ya masasi, bunduki zikilia upande wa Mavivi, alipanda pikipiki yake peke yake, akaacha bibi na batoto mu kiwanja, hakusimama mpaka Butembo. Ku kila sikukuu tulimuigiza. Mimi ndiye niliyemuweza kushinda bote.

"Umeeleza muzuri, mwalimu," mzee akasema.

Rafiki alikuwa ananingojea ku mulango, shati imepigwa pasi. Akauliza kama nimeeleza. Nikajibu nimeeleza muzuri, na akaninunulia soda.

Jumatatu mbuzi zikarudi, zote. Moja ilikuwa imezaa kule kwa mzee, na katoto kake nako bakakarudisha, kakiwa kamebebwa ndani ya kitunga.