Pakiti ya Maziwa Mlangoni kwa Baba

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya nikiwa na miaka tisa: nilipasua pakiti ya maziwa mlangoni petu, wiki ambayo baba alirudi kutoka vitani Somalia.

Tuliokulia mtaa wa mabanda wa Gatwekera tunaujua mchezo huo. Unaokota pakiti tupu, unaipuliza mpaka ivimbe, unaikanyaga kwa nguvu. Inalia pwaa! Mabati yanaitikia, na mama wa mtu anatoka na mwiko. Enzi zetu kelele tulizitengeneza wenyewe; watoto wa siku hizi wanazipakua kwenye simu. Tulinuka moshi na dagaa wa omena, tukacheza kati, kumlenga kwa mpira aliye katikati, mpaka mpira wa mifuko ya nailoni ufumuke.

Siku hiyo nilitaka baba aone nimekuwa bingwa. Nilichagua pakiti isiyo na tundu, nikaikanyaga. Nilipochungulia ndani, baba alikuwa amemlalia dada yangu mdogo sakafuni, kiganja kimemziba mdomo. Chai ilikuwa imemwagika. Alinitazama bila kunijua. Mama alimsogelea polepole. "Baba Omondi, ni sisi. Uko nyumbani." Baba alichelewa sana kumwachilia dada.

Otis, mtoto wa jirani, alicheka nje, akaniita Omondi kwa jina langu la mtaani. "Mjeshi gani anaogopa pakiti? Omosh, buda yako amechizi!" Nilimrushia kiatu kwa kumwita baba mwendawazimu, lakini hata mimi nilikuwa nimemwogopa.

Kesho yake baba alikunja nguo zake, akahamia chumba cha kupanga katika mtaa uitwao Kongo, kule Kawangware. "Nisije nikawaumiza," alimwambia mama. Mimi nilielewa kwamba nimemfukuza. Tangu hapo nilifunga mlango bila sauti, nikaweka sufuria chini kama yai. Rula ikianguka darasani, niliinama chini ya dawati. Niliamini nikikaa bila kosa hata moja, atarudi. Alipotutembelea nilikaa karibu na mlango, tayari kukimbia, huku nikiomba asiondoke.

Mwaka jana, nikiwa mtu mzima, nilimwomba msamaha kwa ile pakiti. Alinishangaa.

"Wewe? Omosh, hata honi ya boda ilikuwa inanilaza chini. Nilikuwa najiogopa mwenyewe."

Zamani tulikuwa na vicheko vingi nyumbani, na hakuna aliyejua kwamba hofu aliyotoka nayo baba vitani ni ugonjwa wenye jina. Sasa vicheko vimepungua, ila baba anakutana na mshauri nasaha kila Alhamisi pamoja na wanajeshi wenzake, na Jumapili anakula kwetu. Bado analala Kongo. Mimi bado naogopa mambo mengi, lakini simwogopi tena baba, wala sijilaumu kwamba alihama.