Mabaki ni ya Fundi

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Richfield, kando ya Minneapolis. Theluji ya Machi imelala juu ya magari kama unga uliomwagika. Katika chumba kidogo kati ya kinyozi na duka la simu, Dinah Wanjala ana pini tatu mdomoni, anamzunguka mteja wake polepole kama mtu anayekagua fahali mnadani.

"Pumua vizuri, Mzee Naftali. Hilo tumbo usilifiche, Pasaka litarudi tu."

"Tumbo ni la kanisa, mama. Ni chapati zenu hizo," anajibu mzee, mwimbaji wa besi.

Dinah, 41, mzaliwa wa Bungoma, ni fundi wa nguo. Ni alto kwenye kwaya ya kanisa moja la Wakenya. Na ni mwanamke anayeishi na mwanamke mwenzake, Stacy, ambaye ni nesi. Hilo la mwisho watu walikuwa wanalijua kwa minong'ono. Juni iliyopita wakalijua kwa bango.

Ilikuwa hivi. Dinah na Stacy wako kwenye kikundi cha Waafrika Mashariki wanaotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Kila Juni walitembea kwenye maandamano ya Minneapolis nyuma ya mabango ya watu wengine, miwani myeusi usoni, kofia mpaka kwenye nyusi.

"Tulikuwa tunaandamana kama wezi wa kuku," Dinah anacheka.

Mwaka jana kikundi kikasema basi, tuwe na bango letu, tena la Kiswahili. Kazi akapewa fundi. Siku moja kabla, kitambaa cha rangi hana. Akaingiza mkono kwenye gunia la mabaki, akakata herufi kutoka kitenge cha bluu chenye tausi wa njano: NA SISI NI WA KWENU.

"Mabaki ni ya fundi, hata mtoto anajua," anasema. "Lakini akili yangu ilikuwa wapi? Kile kilikuwa kitenge cha sare ya kwaya!"

Na sare si nguo tu. Ukivaa sare ya harusi, wewe ni wa ile harusi. Kwa hiyo waliotumiwa video ya maandamano kwenye simu waliona kanisa zima likiandamana. Dinah hajafika kwenye gari, simu inalia. Ni kiongozi wa kwaya, Wairimu, ambaye wote wanamwita Mama Lenny.

"Dinah! Umetuandamanisha sote bila kutuuliza!"

Kwa kitambaa, Dinah aliomba radhi. Lakini Mama Lenny alitaka zaidi: afumue zile herufi, aseme bango lilikuwa oda ya mteja, yaishe.

"Ningesema hivyo, Jumapili ningekuwa jukwaani," Dinah anakumbuka. "Nikamwambia, Mama Lenny, hakuna mteja. Bango ni langu, na Stacy ni wangu."

Akaambiwa apumzike kuimba. Harusi mbili zikahamisha oda, mapato yake ya kiangazi yakashuka nusu, kama dola 900 kwa mwezi. Stacy akaongeza zamu. Lakini kila Jumapili Dinah alikwenda, akakaa nyuma, akaimba alto yake kutoka hukohuko.

"Jukwaani walinitoa. Sauti nilibaki nayo."

Kilichomkosesha usingizi ni mama yake, aliyemfundisha kushona kule Bungoma. Wiki tatu mama hakupokea simu. Kisha akapiga mwenyewe.

"Dinah, hiyo video nimeiona. K yako imepinda. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Dinah alilia, akacheka, akalia tena. "Hajasema ananikubali. Lakini alilisoma bango mpaka akafika kwenye K."

Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee Naftali alitangulia, na suruali ya kukunjwa pindo. Wengine hawajarudi. Kuna soprano mmoja bado anamkwepa mlangoni kama anadaiwa. Mchungaji yuko kimya.

Mlango unafunguliwa. Mama Lenny anaingia, anakung'uta theluji, anatoa kitenge kipya ndani ya koti: kijani, na maua meupe. Sare ya Pasaka.

Dinah anakipapasa. Anauliza taratibu, bila kuinua macho, "Mabaki nikurudishie?"

Mzee Naftali anaangalia dari.

Mama Lenny anavua glavu, kidole baada ya kidole. "Sikubaliani na wewe, Dinah. Nimeomba, nimefunga, bado."

"Najua, Mama Lenny."

"Lakini mabaki yalianza kurudishwa lini? Ni ya fundi." Anaelekea mlangoni, anageuka. "Na ujipime na wewe. Ama Pasaka utasimama katikati yetu na jinzi?"

Pini zote tatu zinamdondoka Dinah mdomoni. Mzee Naftali, na tumbo lake, anainama kumwokotea.

Wageni wakishaondoka, Dinah analitandaza lile bango la zamani mezani. Juni hii anataka liwe refu, la kubebwa na watu wanane badala ya wanne, na herufi za kijani ziongezwe kando ya zile za bluu. Miwani myeusi ameshamgawia Stacy, ya ku-drive.

Lakini kwanza anachukua wembe, anaanza kufumua K.

"Mama ataangalia tena," anasema. "Mwaka huu nataka akose la kusema."