Ndege Iliyozima Pilau ya Bi Zakia

Bi Zakia wa Njinjo alikuwa hajawahi kupika kwa gesi, na ukitaka mkosane naye mapema, umtajie mtungi. Amekuwa mpishi wa shughuli tangu mimi nabebwa mgongoni: harusi, hitima, maulidi, hata ubatizo wa kule Kipatimu, maana Wakatoliki nao wana matumbo. Alipohamia mjini Masoko kwa mwanawe tukamwingiza kwenye kikundi chetu cha kina mama wapishi, na haukupita muda alikuwa anatuamuru sote. Mkono wake kwenye pilau hauna mfano. Mdomo wake nao hauna mfano.

Mwaka jana goti likaanza kumsumbua. Kuinama kwenye mafiga kukawa kazi, kuinuka kazi zaidi. Jenipher, mwenyekiti wetu, mwanamke kijana mwenye akili ya biashara na mtungi mkubwa wa gesi, akaanza kusema vikaoni kwamba umefika wakati Bi Zakia apumzike, awe mshauri. Mshauri! Kila mtu anajua mshauri ni mtu aliyewekwa pembeni akapewa kiti. Bi Zakia akakataa katakata. Baada ya maneno mengi tukakubaliana kwamba kazi inayofuata apike yeye, kwa kuni na makumbi yake ya nazi. Ikienda sawa, mwiko unabaki mkononi mwake. Ikiharibika, kiti.

Kazi iliyofuata ikawa kulisha wageni wa maonyesho ya ndege.

Kulikuwa na ndege ya kupinduka tumbo juu na nyingine ya watu wa miamvuli, lakini gumzo la mji lilikuwa ndege ya kuzima moto. Walisema inashuka baharini, inateleza juu ya maji hadi inajaza tumbo, inapaa, kisha inayamwaga yote palipo na moto. Wenye mikorosho, ambao kila kiangazi hawalali kwa hofu ya moto wa porini, walitoka mbali kuja kuitazama. Hata Bi Zakia alisema atafunika sufuria zake akaione.

Mpango ulikuwa rahisi. Rundo la nyasi kavu liliwekwa mwisho wa uwanja, upande wa bahari. Litawashwa, moshi utapanda, ndege itakuja kuzima, watu watapiga makofi. Rubani aliambiwa afuate moshi. Tatizo ni kwamba rundo lisingeweza kuwashwa kabla mgeni rasmi hajafika, na mgeni rasmi, kama mnavyowajua wageni rasmi, alikuwa njiani. Nani angethubutu kuwasha moto wa mgeni rasmi kabla ya mgeni rasmi? Mwenye kiberiti alikaa nacho mfukoni, kila akiulizwa anajibu, "Bado." Lakini rubani alikuwa keshapaa, na huko juu hakuna anayengoja wakubwa.

Upande huohuo wa bahari, nyuma ya uzio wa makuti, Bi Zakia alikuwa ndiyo kwanza amepunguza moto chini ya sufuria tatu za pilau na kupalia makaa juu ya mifuniko. Akaongeza makumbi ya nazi pembeni ili yampe makaa mengine. Makumbi yale yalikuwa na unyevu. Moshi ukapanda mweupe, mnene, ungeuona kutoka Kisiwani, ng'ambo ya maji.

Tukasikia mngurumo. "Twendeni tukaione, jamani," Bi Zakia akasema, na sote tukakimbilia kwenye kamba ya watazamaji, yeye nyuma yetu akichechemea. Ndege ya njano ikaja chini chini, nzuri kweli. Ikapita juu ya rundo la nyasi kama vile haikuliona. Hapo nikaelewa inakokwenda.

"Pilau yangu!" Bi Zakia akapiga yowe.

Ikamwaga. Sijapata kuona maji mengi kiasi kile yakianguka kwa mkupuo. Uzio ukalala chini, moto ukalia chwaa mara moja tu, kuni zikaelea. Umati ukapiga makofi na vigelegele, wakidhani ndiyo yenyewe. Na rubani alilenga vizuri, haki yake nimpe.

Tulipofika, sufuria moja ilikuwa imepinduka na wali umetapakaa mchangani. Mbili zilisimama, maji yameingia. Bi Zakia akakaa juu ya ndoo, kanga imemganda mwilini kwa rasharasha za maji yale, asiseme neno. Niliogopa. Mimi simjui Bi Zakia asiye na neno.

"Tuwape maandazi na soda, Bi Zakia," Jenipher akamwambia kwa upole. "Hapa huna kosa lolote."

Upole ule ndio uliouma, maana ulikuwa upole wa kumvutia mtu kiti.

Ndege ilipotua tu, akaja mwanamume anakimbia, kavaa nguo za rubani, kofia mkononi. "Shikamoo, bibi. Naitwa Dismas Komba. Ni mimi niliyemwaga maji. Naomba unisamehe sana."

"Marahaba. Komba wa wapi?"

"Wa Peramiho, bibi. Songea."

Bi Zakia akainua uso. "Mngoni!"

Yeye ni Mngindo, na Wangindo na Wangoni ni watani tangu enzi za vita vyao. Mtani hakasirikiwi. Anatukanwa, anatozwa faini ya kijinga, na kukataa hawezi.

"Babu zako walikuja kuchoma nyumba zetu," Bi Zakia akasema, na sauti yake ikarudi yote. "Leo wewe unakuja kutuzimia moto! Nyie watu mnataka nini hasa?"

"Na wewe ungekimbilia porini kama babu zako," Dismas akajibu, "sufuria umejitwika kichwani, ningekupata wapi?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Bi Zakia akamwonyesha mafiga. "Umezima, utawasha. Piga magoti."

Akapiga magoti kwenye tope na nguo zake nzuri. Akapuliza makumbi yaliyolowa, akapuliza, akakohoa, majivu yakamjaa puani. Watu wakaacha kutazama angani wakaja kumtazama yeye. Hakupata hata cheche.

Bi Zakia, huku anacheka, akafunua sufuria, akaonja. Kicheko kikakatika. "Chumvi ya bahari nzima. Na wali haujaiva." Akaonja tena, akafikiri. "Basi, hii si pilau tena." Akanigeukia mimi. "Imani, leta mchele uliobaki, usitie chumvi. Leteni maji baridi, samli na vitunguu vyote. Tunaponda bokoboko."

"Kwa moto gani?" nikamuuliza.

Akatazama makumbi, akamtazama Dismas, kisha akamtazama Jenipher. Jenipher alikuwa keshaanza kuuviringisha mtungi wake kutoka kwenye bajaji. Alipouunga kwenye jiko lake na kuliwasha, Bi Zakia aliruka nyuma, na goti lake hilohilo, akajificha nyuma ya rubani. Miaka yote nilidhani ni kiburi, kumbe mama wa watu alikuwa anaogopa. Taratibu akasogea na mwiko. Jiko lilikuwa juu ya meza ya chuma, hapakuwa na kuinama. Akaponda nyama na wali mpaka vikawa kitu kimoja, Dismas akishika sufuria, akaimiminia samli na kuinyunyizia vitunguu vya kukaanga.

Mgeni rasmi alifika wakati tunapakua. Alikula, akaongezwa, akaongezwa tena. Kisha akaita, "Nani mpishi wa bokoboko hili?"

Sote tukamtazama Jenipher. Gesi yake, jiko lake, uenyekiti wake, na pilau tuliyoahidi haikuwepo mezani. Angeweza kusema lolote. Bi Zakia akainama kupangusa mwiko ambao tayari ulikuwa safi.

"Ni Bi Zakia," Jenipher akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kamba. "Ndiye mpishi wetu mkuu. Sisi wengine ni wasaidizi wake, na shughuli ijayo itakuwa hivyohivyo."

Bi Zakia alilia waziwazi, mbele ya mgeni rasmi na mbele ya Mngoni, bila kujificha. Alipoweza kusema, akamshika Jenipher mkono akamwambia, "Kesho uje nyumbani, mwanangu. Uje unifundishe kuliwasha hilo dude lako."