Shamba Safi la Mzee Maganga

Kihesa nzima, mzee Maganga peke yake ndiye aliyekuwa akifagia shamba. Sisemi uwanja, nasema shamba: ekari tano za mteremko, na ndani yake majani hayakuruhusiwa kupita kifundo cha mguu. Kichaka kikithubutu kuchipua leo, kesho asubuhi utamkuta amekiinamia na panga. Majirani tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote, kwa kuwa shamba letu lilipakana na lake, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, na sisi walimu wa miaka ile tulidhani hakuna tusilolijua.

"Mzee, hapa Iringa mti ni mali," nilimwambia siku moja.

"Mti ni nyumba ya mbung'o," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Alikuwa Msukuma. Alishuka bonde la Usangu na baba yake na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, safari ya miezi, na kwao mtoto wa kiume alifundishwa jambo hili kabla hajajua kuhesabu: ukifika kwenye pori jipya, kwanza kata kila kitu kinachotoa kivuli, maana mbung'o hujificha humo, na mbung'o akibaki, ng'ombe hawabaki. Kihesa hakuna mbung'o. Baridi yetu ingewaua wote kwa siku moja. Lakini mkono ukishazoea kazi hauulizi sababu.

Shamba lile alilinunua mwaka 1962 kwa mzee mmoja wa Kihehe, kwa ng'ombe wanane na mashahidi watatu. Alitaka mahali pa kupumzishia madume yake kabla ya mnada. Wakati ule alikuwa mtu mzito, na ng'ombe wanane kwake ilikuwa kama sisi kutoa kuku. Miaka saba baadaye ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, ikaingia Usangu. Kabla mvua hazijarudi, zizi lake lilikuwa tupu.

Kwao mwanamume asiye na ng'ombe hafukuzwi, ila haulizwi neno. Watu wanakaa, wanajadili, naye yupo, lakini hakuna anayemgeukia kutaka maoni yake. Mke wake, Mbuke, akachukuliwa na kaka yake mwenyewe, Magesa, huko huko Usangu, akaishi kwake kama mtu wa kuhurumiwa, akipika kwenye jiko la wifi yake. Hawakugombana, yeye na mumewe. Mbuke alimwambia tu, "Nenda kwenye ile shamba yako. Ukipata ng'ombe kumi na mbili, njoo unichukue." Kumi na mbili ndiyo mahari aliyotolewa alipoolewa. Alitaka waanze tena pale pale walipoanzia.

Basi akaja kukaa kwetu Kihesa. Alichunga ng'ombe wa watu akalipwa maziwa. Alifyeka shamba lake. Miaka mitano ikapita hivyo, na katika miaka hiyo mitano hakupata hata ndama. Alichobaki nacho ilikuwa ardhi, na aliisubiri ardhi ile imrudishie mke.

Mwezi wa tano mwaka 1974 akaja Bwana Bushiri. Alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa asili ya pwani, mpole wa maneno, na viatu vyake havikujua matope. Yeye na wenzake walikuwa na chama cha kujenga nyumba za matofali ya saruji, nyingine za kuishi wenyewe, nyingine za kupangisha. Walikuwa wameshaagiza mbao Mafinga. Mji ulikuwa unapanda kuja kwetu, kila mtu aliona.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," aliwaamkia Maganga na mama yangu, akazunguka mipaka yote miwili, ya Maganga na ya kwetu. "Eneo hili tumeliomba. Lakini hatumwonei mtu. Baada ya wiki tatu nakuja na mthamini, atapita kila shamba, na kila mtu atalipwa haki yake."

Jioni ile Maganga alikuja kwetu. Sijapata kumwona vile. Macho yalikuwa ya kijana.

"Mwanangu mwalimu, huyu mthamini ni yule anayepanga bei?"

"Ndiye."

"Kama yule wa mnadani?"

"Kama yule," nikasema. Nilikuwa nasahihisha madaftari, sikutaka maneno mengi. Laiti ningeiweka chini ile kalamu nikamuuliza ana maana gani! Lakini majuto ni mjukuu, na mimi wajukuu hao ninao wengi.

Kesho yake alianza. Ng'ombe hapelekwi mnadani na kupe, ndivyo alivyotuambia akicheka. Ng'ombe wa mnada huoshwa, hutolewa kupe mmoja mmoja mpaka nyuma ya masikio, hupakwa mafuta pembe, na mnunuzi akimwona anaona ng'ombe, haoni uchafu. Shamba nalo litaoshwa.

Kwanza alikata miwati. Ilikuwa zaidi ya arobaini kule juu mpakani, imepandwa na yule mzee aliyemuuzia, miti iliyonyooka ya kujengea, ambayo miaka yote aliivumilia kwa kuwa chini yake palifagiliwa. Wiki nzima alikata. Kisha akakata mipichi sita iliyokuwa inakaribia kuzaa. Akang'oa zizi. Na siku aliyomaliza zizi akaibomoa nyumba yake, nyumba ya udongo ya vyumba vitatu, akasawazisha udongo kwa miguu, akahamia kwenye kibanda cha majani nje ya shamba, chini ya mlima. "Huyo anataka kujenga," alisema. "Atajenga wapi na mimi nimemjazia uchafu?"

Visiki navyo akavifukua. Kimoja kimoja, kwa sululu, mtu wa miaka sitini. Akafukia mashimo, akashindilia, akafagia juu yake.

Kuni alizigawa bure kwa jirani yeyote aliyetaka, nasi tulitaka. Mama yangu, Apolonia, alizipanga ukutani mpaka zikafika dirishani. Nilipika maharage kwa mipichi ile, na nakiri ilikuwa na moto mzuri.

Siku moja alisimama kwenye mpaka wetu, akaitazama mianzi ya mama. Tulikuwa na mashina mengi ya mianzi, mama akigema ulanzi, pombe ya mianzi, na ulanzi ule ndio ulionisomesha.

"Mama, na hii nikusaidie kukata? Isije ikaharibu sura."

"Thubutu!" mama akamwambia. "Anza kukata miguu yangu kwanza."

Maganga akacheka, akaenda zake, akituhurumia. Na mimi niliyesoma niliuangalia mteremko ule uliosafishwa, mwekundu, laini kama sakafu iliyosiribwa, nikamwambia kwa kinywa changu, "Kweli mzee, panapendeza."

Mthamini alikuja Ijumaa, kijana mwenye miwani na ubao wa kuandikia. Alianza kwetu. Nyumba, akaandika. Jiko, akaandika. Miparachichi mitatu, akaandika. Mianzi alihesabu shina kwa shina, na ilimchukua muda mrefu kuliko nyumba. Mama alikuwa akimfuata nyuma akimwonyesha hata shina lililokuwa linakufa.

Kisha wakavuka mpaka. Maganga alikuwa amevaa koti, limepigwa pasi sijui kwa pasi ya nani. Amesimama katikati kabisa ya ekari zake tano, mikono nyuma, kama mtu aliyeshika kamba ya dume lake.

Mthamini akageuka kulia, akageuka kushoto.

"Mali yako iko wapi, mzee?"

"Ndiyo hii."

"Hii ni ardhi. Ardhi ni ya umma, haina bei. Sisi tunalipa kilichopandwa na kilichojengwa."

Maganga akatabasamu. Aliyajua maneno hayo, au alidhani anayajua. Mnadani mnunuzi hasemi ng'ombe ni mzuri. Husema amekonda, mguu mbovu, meno yamekwisha, na muuzaji akikasirika amekosa biashara.

"Haya, bwana," akasema kwa upole. "Sema yako, na mimi niseme yangu."

"Hujanielewa, mzee. Hakuna cha kusema."

"Sema tu. Anza chini."

Nilitaka ardhi inimeze. Kijana wa watu alirudia mara tatu, kila mara polepole zaidi, na kila mara Maganga alizidi kutabasamu, mpaka ikafika mahali tabasamu likabaki peke yake usoni na mwenyewe hayupo. Bwana Bushiri alikuwa ameinamisha kichwa. "Palikuwa na nyumba hapa," alisema. "Wiki tatu zilizopita niliiona kwa macho yangu. Na miti kule juu."

"Siandiki kilichokuwepo," mthamini akajibu. "Naandika kilichopo. Angalau visiki vingekuwepo, ningepata cha kuhesabu."

"Alivifukua!" nikapiga kelele. "Miti yenyewe ile pale, ukutani kwetu!"

Akaangalia ukuta wetu na kuni zake. "Kuni zikiwa kwako, mwalimu, ni kuni zako." Hakuwa mtu mbaya. Alitembea shamba zima akitafuta, akakikuta choo ambacho Maganga alikiacha kwa kuwa wageni wangeweza kukihitaji, akaandika choo kimoja.

Mama alilipwa mianzi yake yote. Maganga alilipwa choo. Fedha ile ingenunua mbuzi, tena si mbuzi wa kujivunia.

Wiki iliyofuata nilimkuta anapanda. Alikuwa amepata miche ya miwati, ameichimbia mistari mteremko mzima, na anateka maji bondeni kwa debe, kiangazi kile, safari baada ya safari. Nikamwambia ukweli, safari hii sikuuficha. "Baba, siku ya kuhesabu imepita. Hawarudi."

"Najua," akasema, akaendelea kumwagilia.

Katapila lilikuja mwezi wa nane. Mwaka ule ndio watu walikuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya, na mtu kama yeye, asiye na nyumba wala shamba, hakuwa na hoja. Alipewa nafasi kijiji cha mbali, njia ya Idodi, kule kwenye joto, kulikojaa pori, na pori lililojaa mbung'o. Hata mtu angempa ng'ombe, angeishia kuwazika. Nilimwambia arudi Usangu tu, mikono mitupu, wapo wanaorudi hivyo. Akanitazama kama nimemtukana.

Siku ya lori alikuja kuniaga. Alijua likizo ya Desemba ningekwenda Mbeya kwenye semina ya walimu, na kwamba basi linapita karibu na Usangu.

"Pita kwa Mbuke," akasema. "Mwambie shamba imeuzwa. Ng'ombe nachagua. Kiangazi nakuja."

"Baba, nitamwambiaje uongo?"

"Akijua leo, kaka yake atajua leo. Miaka tano anakula kwa huruma, mwanangu. Mwache ale na heshima mpaka kiangazi."

Nikakubali. Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwa amesimama mbele ya Maganga asubuhi ile.

Nilishuka Chimala, nikapata lori la mpunga, nikatembea saa nzima na jua la Usangu kichwani. Nyumba ya Magesa ilikuwa kubwa, imezungukwa na minyaa. Mbuke alikuwa anatwanga. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Nilimwambia ninatoka Kihesa kwa mumewe, akauacha mchi ndani ya kinu.

"Shamba imeuzwa," nikasema. "Ng'ombe anachagua. Kiangazi anakuja."

Magesa alitoka ndani aliposikia. Mwanzo hakutoka kunisalimia, sasa aliniletea kigoda kwa mkono wake. "Na shemeji anasemaje?" akaniuliza. "Anataka zizi lijengwe upande gani?" Akamwita mke wake, akawaita na vijana, sauti yake ikajaa ua. Kuku alikamatwa. Kwa mara ya kwanza tangu ndigana, watu wa nyumba ile walitaka kujua Maganga anafikiri nini.

Mbuke akakaa chini mbele yangu, miguu ameinyoosha.

"Ni za rangi gani?"

Mimi sijui ng'ombe. Kwangu ng'ombe ni maziwa. "Mmoja mweusi," nikasema.

Akalitaja jina la rangi ile kwa Kisukuma, akakunja kidole. "Ingine?"

"Mwekundu."

Akataja jina, akakunja kidole. "Ingine?"

"Mweupe."

"Nyeupe yote, ama iko na baka?"

"Ana... ana baka."

"Wapi?"

"Mgongoni."

"Na pembe?"

Nilitazama kinu. Yeye alinisubiri, vidole vyake viwili bado amevikunja.

"Maganga akichagua ng'ombe," akasema taratibu, "pembe ndio kitu ya kwanza anakuambia. Hata usipouliza."

Kisha akavikunjua vidole, kimoja kimoja.

"Yuko mzima?"

"Yuko mzima, mama."

"Basi."

Nilianza kulia na yeye akanishika goti, akaminya kwa nguvu, akigeuza macho kumwangalia kaka yake aliyekuwa amesimama na vijana kule nje, anawapimia kwa hatua upana wa zizi.

"Futa machozi," akaninong'oneza. "Huyu usimwambie. Mwache aniheshimu mpaka kiangazi."

Akanyanyuka, akarudi kwenye kinu chake. Magesa akaja kukaa nami, akaninawisha mikono, akanipa paja la kuku, akaniuliza tena habari za ng'ombe wa shemeji yake. Nikamwambia pembe zao ni ndefu.